Macho ya Wavu: Desturi za Uvuvi katika Ziwa George

Mji wa Hima, unaojulikana zaidi nchini Uganda kwa kiwanda chake cha saruji, uko kaskazini mwa Ziwa George, katika tambarare ambayo mito ya Milima ya Rwenzori huipitia kabla ya kupotelea kwenye mafunjo ya ziwa hilo. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, lakini kina chake cha wastani ni mita 2.4 tu, kiasi kwamba upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, hugusa tope karibu kila mahali. Ufupi huo wa maji ndio uliofinyanga ustadi wa wavuvi wa wilaya ya Kasese, kwa kuwa katika ziwa la namna hii suala halikuwa kumfikia samaki, bali kujua yuko wapi, saa ngapi, na anakula nini.

Samaki wa ziwa hili hawakamatwi kwa njia moja. Semutundu, samaki mwenye sharubu na asiye na magamba, pamoja na kambale na mamba, ambaye wengine humwita kamongo, hula nyama na kwa hiyo hufuata chambo. Hao huvuliwa kwa ndoano, hasa kwa kamba ndefu iliyofungwa ndoano nyingi na kulazwa usiku karibu na tope. Ngege, ambaye Tanzania huitwa sato, ni habari nyingine, kwa sababu chakula chake kikuu ni vijimea vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani kibichi, na samaki anayekunywa supu ya namna hiyo hana haja kubwa na mnyoo uliochomekwa kwenye chuma. Watafiti wa Programu ya Kimataifa ya Biolojia, waliolichunguza ziwa hilo kati ya 1966 na 1972, walionyesha kwamba tumbo la ngege hutoa asidi kali inayovunja vijimea hivyo, na kwamba asidi hiyo huongezeka kadiri siku inavyosonga, hata mlo wa kwanza wa alfajiri ukapita bila kusagwa vizuri. Hivyo ngege alitakiwa kuzibiwa njia, si kushawishiwa, na chombo cha kazi hiyo kilikuwa wavu.

Si jamii zote za eneo hilo zilizouthamini ujuzi huu. Wafugaji wa ng'ombe wa tambarare, kwa desturi yao ya zamani, hawakula samaki, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliifanya serikali ya kikoloni iwahamishe watu kutoka fukwe. Uvuvi uliofuata ulikua ndani ya mipaka iliyowekwa na wengine: mwaka 1952 nchi inayozunguka maji ilifanywa hifadhi ya taifa, na vijiji kama Kasenyi, Hamukungu na Kahendero vikabaki kama visiwa vya watu katikati ya viboko na nyati.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 shirika la serikali lililoitwa TUFMAC lilikuwa na kiwanda huko Kasenyi, ambako ngege walichunwa minofu na kugandishwa, au kutiwa chumvi na kukaushwa, huku Kongo ya Wabelgiji ikiwa miongoni mwa masoko yake. Serikali ilidhibiti idadi ya mitumbwi kwa leseni, na kwa wavu wa kutega iliweka kipimo cha inchi 5, yaani milimita 127, kipimo ambacho mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alikuwa amekipendekeza kwa Ziwa Victoria baada ya uchunguzi wake wa 1927 hadi 1928. Hesabu yake ilikuwa rahisi: samaki mchanga apenye, mzazi anaswe.

Hesabu hiyo haikutosha. Mwaka 1950 ngege aliyevuliwa Ziwa George alikuwa na uzito wa wastani wa karibu gramu 900, na ilipofika 1970 uzito huo ulikuwa umeshuka hadi nusu hivi. Nyuzi za nailoni, ambazo zilichukua nafasi ya nyuzi za kitani, haziozi upesi wala hazionekani kirahisi majini, na mvuvi asiye na ujuzi mkubwa aliweza kupata alichokipata bingwa wa zamani. Sheria, kwa upande wake, iliweza kuhesabu mitumbwi na kupima macho ya wavu, lakini haikuwa na kipimo cha mambo ambayo mvuvi mzuri aliyajua kwa mazoea: kuacha maji mafupi ambako madume ya ngege huchimba viota, kumwepuka jike anayebeba makinda kinywani, kutopiga maji kwa kafi ili kuwakimbizia samaki wavuni. Pengine hapo ndipo kosa lilipokuwa, kwa maana mazoea yasiyoandikwa hayana mtetezi siku biashara inapobadilika.

Nayo ilibadilika. Baada ya vurugu za miaka ya 1970 TUFMAC ilitoweka, na samaki wengi wakageukia moshi na jua, kisha barabara ya Bwera kuelekea soko la mpakani Mpondwe, ambako ngege mdogo aliyekaushwa hupata mnunuzi sawasawa na mkubwa. Kanuni za mwaka 2003 zilikabidhi sehemu ya ulinzi kwa kamati za wavuvi wenyewe katika kila mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupimwa. Hadi kamati hizo ziliposimamishwa mwaka 2015, wajumbe wake walikagua nyavu asubuhi, mitumbwi iliporudi. Iliyoingia mafunjoni usiku bila leseni haikurudi kupitia mwaloni.