Daraja la Nyasi na Chombo cha Maziwa

Huku Buna, kaskazini mwa Wajir, mama wa Kisomali akisuka haan, chombo cha maziwa ya ngamia, hahitaji kitanda cha mfumi. Ana nyuzi za mizizi, sindano nene na vidole vyake. Huzungusha duara juu ya duara, akikaza kila mshono mpaka tone lisipenye. Kisha chombo hufukizwa ndani kwa kaa la mti wenye harufu nzuri. Moshi huchelewesha maziwa kuharibika na kuyapa ladha ambayo mtoto wa mfugaji huitambua popote. Waborana wa upande wa Moyale wana gorfa, ndugu ya haan.

Huko Chinchero, karibu na Cusco nchini Peru, mfumaji naye hufunga ncha moja ya mtande kwenye kigingi na nyingine kiunoni, kisha huukaza kwa kuegemea nyuma. Sufu ya kondoo na alpaka hutiwa wekundu wa kochinili, mdudu wa mpungate. Mwaka 1996 Nilda Callañaupa Alvarez na wenzake walianzisha mjini Cusco kituo cha nguo za jadi, ili vijana wafunzwe na wafumaji walipwe haki yao. Kazi hiyo naiheshimu sana, ila kuihamishia Buna jinsi ilivyo sioni itawezekanaje: Cusco hupitiwa na watalii wa Machu Picchu, Buna hupitiwa na malori na mifugo.

La kujifunza kwetu liko Q'eswachaka, huko huko Peru. Kila mwaka jamii nne za Waquechua husuka upya daraja la nyasi juu ya mto Apurímac. Wanawake husokota kamba nyembamba, wanaume huziunganisha ziwe nene na kuzivusha ng'ambo. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2013, lakini haidumu kwa cheti: kila kaya inadaiwa kamba yake.

Huku kwetu, nyumba ya bi harusi wa mfugaji ilisimama juu ya deni la namna hiyo. Mama yake na wanawake wa ukoo walisuka mikeka ya kuifunika, na siku ya kuhama yote ikapakiwa juu ya ngamia. Yalipokuja mabati, wengi hawakudaiwa tena mkeka. Dumu la plastiki nalo likachukua nafasi ya haan, ingawa wachuuzi wengi wa maziwa ya ngamia wangali wanalifukiza dumu hilo kwa moshi kabla ya safari. Mradi wa ususi ukija Buna, ningeuomba uanzie kwa wachuuzi hao na kwa mama wa bi harusi, duka la kuuza vyombo lifuate baadaye.