Inchi Kumi na Sita

Aprili 1938, Jack Miller na Frank Layton walikamatwa baada ya kusafiri kwa gari kutoka Claremore, Oklahoma, hadi Siloam Springs, Arkansas. Walikuwa na bunduki ya marisau. Kuwa nayo hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa ufupi wake. Mtutu haukufika inchi 18, na bunduki yenyewe haikuwa imesajiliwa wala kulipiwa kodi ya dola 200.

Kodi hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Februari 1929, majambazi wa Chicago waliwapanga watu saba ukutani na kuwamiminia risasi. Miaka minne baadaye, mjini Miami, Giuseppe Zangara alimfyatulia bastola rais mteule Franklin Roosevelt. Alimkosa, ila risasi ilimpata meya wa Chicago, Anton Cermak, ambaye baadaye alifariki. Mwanasheria Mkuu wa Roosevelt, Homer Cummings, akapeleka bungeni muswada wa kuzibana bombomu, vizuia sauti, bunduki zilizokatwa na, zaidi ya yote, bastola. Hakuomba silaha hizo zipigwe marufuku, kwa sababu mamlaka ya serikali kuu kufanya hivyo yalikuwa na utata. Mamlaka ya kutoza kodi hayakuwa na utata wowote. Dola 200 wakati huo zilikaribia bei ya rashasha ya Thompson yenyewe.

Bunduki fupi ziliingizwa kwa sababu moja: kumzuia mtu aliyebanwa asinunue bastola asikate bunduki ndefu badala yake na kuificha ndani ya koti. Wamiliki wa silaha, wakiwemo viongozi wa chama cha NRA, walikuja juu, na bastola zikaondolewa kwenye muswada. Ajabu ni kwamba kile kilichowekwa ili kuzilinda kanuni za bastola hakikuondolewa pamoja nazo. Sheria iliyosainiwa Juni 1934 ikawa ua uliozungushiwa kiwanja kisichokuwa na nyumba. Tangu hapo, Mmarekani anaweza kununua bastola yenye mtutu wa inchi nne bila usajili wa sheria hiyo, ilhali bunduki ya begani yenye mtutu wa inchi 15, isiyofichika hata kidogo, inaweza kumpeleka jela kama hakuisajili. Mwaka 1960 kipimo cha bunduki za begani kilishushwa hadi inchi 16. Za marisau zikabaki kwenye 18.

Jaji wa kwanza aliwaachia Miller na mwenzake. Serikali ikakata rufaa, na Mei 1939 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hakuna ushahidi wowote ulioletwa kuonyesha uhusiano wa bunduki ya aina hiyo na jeshi la mgambo linalotajwa katika katiba. Ushahidi ungeletwa na nani? Upande wa washtakiwa hakutokea wakili hata mmoja, na Miller mwenyewe alikuwa ameshauawa kwa risasi mwezi uliotangulia hukumu.

Mwaka 1992 ulionyesha sura mbili za kipimo hicho. Mwezi Juni, kampuni ya Thompson/Center ilishinda katika Mahakama ya Juu. Ilikuwa ikiuza bastola pamoja na vifaa vya kuigeuza kuwa bunduki ndefu, nayo serikali ikidai kwamba vifaa hivyo vingeweza pia kuunganishwa kuwa bunduki fupi. Majaji walisema sheria ya jinai yenye utata hufasiriwa kwa faida ya mshtakiwa. Mwezi Agosti, huko Ruby Ridge, Idaho, maofisa wa serikali walizingira nyumba ya Randy Weaver, aliyeshtakiwa kwa kumuuzia mtoa habari wa siri wa serikali bunduki mbili za marisau zilizokatwa. Walikufa mkewe, mwanawe wa miaka 14 na ofisa mmoja. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwona Weaver hana hatia ya silaha hizo.

Kishikizo cha mkono kilikuja 2012. Alex Bosco alikibuni baada ya kumwona rafiki yake, askari wa zamani mwenye ulemavu, akishindwa kuidhibiti bastola ya aina ya AR-15 kwa mkono mmoja. Hukaa nyuma ya silaha na kufungwa kwa mkanda kwenye kigasha. Shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, ATF, liliandika kwamba hakiigeuzi bastola kuwa bunduki. Wateja wengi hawakuwa na ulemavu wowote. Walikiegemeza begani, wakapata bunduki fupi bila kodi. Mwaka 2014 ATF ilisema kukiweka begani si tatizo, 2015 ikasema ni tatizo, na 2017 ikalegeza tena. Mmiliki wa kawaida angefuata barua ipi?

Baada ya mauaji ya Dayton mwaka 2019 na Boulder mwaka 2021, yaliyofanywa kwa bastola za namna hiyo, serikali ya Biden ilikaza uzi. Januari 2023 ilitoa kanuni iliyoziingiza silaha nyingi zenye kishikizo katika sheria ya 1934. Wamiliki walipewa hadi mwisho wa Mei wasajili bila kulipa, waondoe kishikizo, wabadilishe mtutu, waikabidhi silaha au waiharibu. ATF ilikadiria kuwa kuna vishikizo milioni tatu. Watafiti wa Bunge walitaja kati ya milioni 10 na 40. Maombi ya usajili yalikuwa kama 255,000.

Juni 2024 Jaji Reed O'Connor wa Texas aliifuta kanuni hiyo. Mahakama ya rufaa ilikuwa imeshaeleza kasoro yake: kanuni iliyopitishwa haikufanana na rasimu ambayo wananchi waliombwa kuitolea maoni.

Mwaka 2025 Bunge liliishusha kodi ya bunduki fupi na vizuia sauti hadi sifuri, kuanzia 1 Januari 2026. Usajili, alama za vidole na picha vimebaki, na tayari kuna kesi zinazohoji uhalali wa usajili wa kodi isiyotozwa. Hata hivyo, hukumu ya Texas ilifuta kanuni ya 2023, si sheria ya 1934, na majimbo kama California na New York yana masharti yao makali zaidi.