Jeshi Lililochelewa Kuzaliwa

Botswana ilipopata uhuru Septemba 30, 1966, haikuwa na jeshi. Eneo lake linakaribiana na la Kenya, lakini hata leo watu wake ni takriban milioni 2.5 tu. Rais Seretse Khama, aliyerithi hazina tupu, hakuona sababu ya kununua mizinga wakati shule na barabara hazipo. Mipaka ikaachiwa kikosi maalumu cha polisi.

Vita vya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ndivyo vilivyobadili mambo. Askari wa waziri mkuu wake, Ian Smith, walikuwa wakivuka mpaka watakavyo kuwasaka wapigania uhuru. Aprili 1977 Bunge likapitisha sheria ya kuunda jeshi, BDF. Mompati Merafhe alitolewa polisi akawa kamanda wa kwanza. Naibu wake alikuwa Ian Khama, mtoto wa rais, aliyesomea Sandhurst. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka haukuisha. Februari 27, 1978, askari wa Rhodesia waliwavizia vijana wa BDF huko Lesoma, karibu na Kazungula, wakaua 15. Kwa jeshi changa kiasi kile, hilo lilikuwa pigo la kutisha. Kisha, Juni 14, 1985, makomando wa serikali ya makaburu ya Afrika Kusini waliingia Gaborone usiku, wakaua watu 12, akiwemo mtoto mdogo, wakarudi kwao.

Anayezikumbuka siku hizo mbili hatashangaa kwamba Botswana ilitaka silaha nzito. Mwaka 1996 ilinunua Canada ndege 13 za kivita aina ya CF-5, zilizokwisha kutumika. Ilitaka pia vifaru vya Leopard kutoka Uholanzi, lakini Ujerumani, iliyoviunda, ikakataa kutoa kibali. Namibia ilikuwa imeingiwa na wasiwasi, kwani nchi hizo mbili ziligombea kisiwa kidogo cha Mto Chobe, Kasikili au Sedudu. Mgogoro huo ulimalizwa na majaji wa The Hague mwaka 1999, kwa kuipa Botswana kisiwa.

Lakini ndege hizo zilifika wakati utawala wa makaburu umekwisha. Kazi ya kila siku ya BDF ilikuwa imeshaanza porini, tangu 1987, jeshi lilipotumwa kupambana na majangili. Botswana ina tembo wapatao 130,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na kwa maoni yangu askari wa doria anayelala vichakani wiki nzima ameifaa nchi yake kuliko ndege yoyote ya kivita.

Doria hizo zimeleta pia msiba. Novemba 2020, Wanamibia watatu na Mzambia mmoja waliuawa kwa risasi za BDF kwenye Chobe. Jeshi lilisema walishukiwa ujangili. Familia zao zilisema walikuwa wakivua samaki. Ruhusa ya kufyatua risasi porini inahitaji masharti makali kuliko yaliyokuwepo.

Mwaka uliofuata, wanajeshi 296 wa Botswana walipelekwa Cabo Delgado, Msumbiji, kupambana na waasi, katika kikosi cha jumuiya ya SADC kilichokuwa pia na Watanzania.