Mafuta taa, gesi na makaa: Maswali ya upinzani Bungeni na ahadi za serikali kwa meko ya Ukambani

KATIKA milima ya Mbooni na Kilungu, Kaunti ya Makueni, baridi ya miezi ya Juni hadi Agosti huufanya moto wa jikoni kuwa pia moto wa kuota. Ng'ambo ya Mto Athi, katika nyanda kavu za Kitui, moto wa kuota hauhitajiki sana, lakini chungu lazima kiinjikwe. Ndiyo maana mjadala wa kila mwaka Bungeni kuhusu ushuru wa mafuta hufuatwa kwa makini katika kaunti hizi mbili, ambazo kwa mujibu wa sensa ya 2019 zilikuwa na jumla ya watu zaidi ya milioni mbili.

Sensa hiyo ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini zilipikia kuni, asilimia 23.9 gesi, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta taa. Kitui na Makueni, ambako wakazi wengi huishi vijijini, hutegemea kuni kuliko wastani huo wa taifa. Kwa hivyo serikali ikitangaza nafuu ya gesi, wengi hapa hawaioni; ikipandisha ushuru wa mafuta taa, wanaoumia ni mafundi, wachuuzi na vibarua wa Mwingi, Wote na Kibwezi, ambao hununua kwa chupa ndogo jioni baada ya kupata ujira.

Chanzo cha malalamiko ya karibuni ni Sheria ya Fedha ya 2018. Sheria hiyo iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa yanayoingizwa nchini. Sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa ya kweli: mafuta taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wafanyabiashara walaghai waliyachanganya na dizeli, wakaharibu injini za magari na kukwepa ushuru. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuipandisha bei ya mafuta taa hadi iwe sawa na ya dizeli. Mlaghai alikosa faida, na mama wa nyumbani akalipishwa kosa asilolitenda.

Mwezi huo huo wa Septemba 2018 ushuru wa thamani ya ziada, unaojulikana na wengi kama VAT, ulianza kutozwa bidhaa za petroli kwa kiwango cha asilimia 16. Wabunge walikuwa wamepitisha uahirishwe kwa miaka miwili, lakini Rais Uhuru Kenyatta aliurejesha mswada akipendekeza asilimia 8. Katiba inataka thuluthi mbili ya wabunge ili kuyapindua maoni ya Rais, na katika kikao maalumu cha Septemba 20, kilichojaa vurugu, idadi hiyo haikupatikana. Ikumbukwe kwamba baada ya Rais na Bw Raila Odinga kupeana mikono Machi mwaka huo, viongozi wa pande zote mbili waliunga mkono asilimia 8. Upinzani wa kweli siku hiyo ulitoka kwa wabunge wa kawaida wa vyama vyote, na jambo hilo linafaa kuwekwa akilini na yeyote anayedhani kwamba kumtetea mlipa ushuru ni kazi ya chama kimoja.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliurejesha ushuru huo katika asilimia 16. Muungano wa Azimio, ambao chama cha Wiper chenye mizizi Ukambani kilikuwa sehemu yake, uliupinga mswada ukiongozwa Bungeni na Bw Opiyo Wandayi, aliyekuwa Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Taifa. Katika kura ya kipengele cha mafuta, wabunge 184 waliunga mkono na 88 wakapinga. Oktoba mwaka huo lita moja ya mafuta taa jijini Nairobi iliuzwa kwa Sh205.06 na ya dizeli kwa Sh205.47. Tofauti ilikuwa senti 41. Lengo la 2018 lilikuwa limetimia kikamilifu. Kwa miji ya mbali kama Mwingi, gharama ya usafirishaji nayo huingizwa katika bei ambayo Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi.

Kuhusu gesi, historia ni ya kwenda na kurudi. VAT iliondolewa 2016, ikarejeshwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa tena kwa sheria ile ile ya 2023 iliyopandisha ushuru wa mafuta mengine. Serikali haiwezi kunyimwa sifa kwa hatua hiyo ya mwisho. Hata hivyo, Februari 2023, akiwa Dongo Kundu, Mombasa, Rais William Ruto alikuwa ameahidi kwamba kufikia Juni mtungi wa kilo 6 ungejazwa kwa kati ya Sh300 na Sh500. Bei hiyo haikufika madukani. Tofauti na petroli, dizeli na mafuta taa, bei ya gesi haikuwa miongoni mwa zile ambazo EPRA huziwekea kikomo kila mwezi. Ushuru ulipoondolewa, ilibaki hiari ya waagizaji na wauzaji kuamua ni kiasi gani cha nafuu kimfikie mnunuzi.

Kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa mitungi ya bei nafuu uliozinduliwa 2016 kupitia Shirika la Kitaifa la Mafuta. Familia zenye mapato madogo zingeuziwa mtungi wa kilo 6 pamoja na kichomeo kwa Sh2,000. Majaribio yalianzia Machakos na Kajiado, majirani wa Makueni, lakini mitungi mingi ikabainika kuwa na kasoro na mpango ukakwama. Kamati za Bunge zilihoji fedha hizo zilivyotumika. Na hata mpango huo ungefaulu, shida moja ingebaki: makaa hununuliwa kwa mkebe, mafuta taa kwa robo lita, ilhali gesi hudai mamia ya shilingi kwa mkupuo mmoja.

Anayeshindwa na hayo yote hurudi msituni, na hapo ndipo mzigo wa ushuru unapogeuka kuwa mzigo wa miti. Januari 2018 Gavana wa Kitui wakati huo, Bi Charity Ngilu, alipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka kaunti hiyo. Mwezi uliofuata lori la makaa liliteketezwa, wafanyabiashara wa Limuru wakaandamana kwa hasira, na Bi Ngilu akajikuta akihojiwa kuhusu uchochezi. Tarehe 24 Februari serikali kuu nayo ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90, amri iliyoongezwa mara kwa mara hadi Rais Ruto alipoiondoa Julai 2023. Kwa hiyo mwaka 2018 familia ile ile ilipandishiwa mafuta taa na kufungiwa makaa kwa wakati mmoja, bila mtu yeyote serikalini kueleza ingepikia nini. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, misimu ya mvua ilipokosa kufululiza, kuchoma makaa ya migunga kulikuwa kwa wengi njia pekee ya kupata karo na unga.

Wapigakura wengi huwauliza magavana wa Kitui na Makueni kwa nini hawapunguzi bei ya mafuta. Hawana uwezo huo. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaiachia serikali ya kitaifa peke yake VAT, ushuru wa forodha na ule wa bidhaa. Kaunti zina sauti katika kusimamia misitu, si katika bei ya lita.

Maswali kuhusu bei hiyo ni lazima yaelekezwe kwa waziri. Chini ya Katiba ya zamani mawaziri walikuwa wabunge na walijibu papo hapo. Katiba ya 2010 iliwatoa Bungeni, na kwa miaka kumi baada ya uchaguzi wa 2013 maswali yalijibiwa katika kamati, mara nyingi bei ikiwa imekwisha kubadilika. Kanuni zilirekebishwa ili mawaziri wafike ukumbini kujibu, utaratibu ulioanza kutumika 2023. Mbunge huwasilisha swali lake kwa Karani, Spika huliidhinisha, na waziri hupangiwa siku. Maswali ya nyongeza ndipo mara nyingi ukweli hutoka.

Agosti 2024 Bw Wandayi, aliyeongoza upinzani dhidi ya ushuru wa mafuta mwaka mmoja tu uliotangulia, aliapishwa kuwa Waziri wa Nishati na Petroli. Maswali aliyozoea kuyauliza sasa akawa ndiye wa kuyajibu.