Mathari: kutoka kutengwa hadi kuwa na haki

Hospitali ya Mathari, kando ya Barabara ya Thika jijini Nairobi, haikuanza kama mahali pa kutibu akili. Hapo awali ilikuwa kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikaigeuza kuwa makao ya watu iliowaita wendawazimu, na kazi ya kutenga ikaendelea vilevile: aliyeletwa aliwekwa humo asiwasumbue walio nje. Hata ndani waligawanywa kwa rangi, Mzungu upande wake na Mwafrika upande wake. Nje, familia nyingi ziliendelea kutegemea waganga, ngoma za pepo na kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), au kumfunga mgonjwa kamba nyumbani.

Mwaka 1924 makao hayo yaliitwa hospitali, lakini utaalamu haukuja na jina. J. C. Carothers, aliyekabidhiwa Mathari mwaka 1938, alikuwa daktari wa kawaida asiye na mafunzo ya magonjwa ya akili. Kwa kuwatazama wagonjwa wa humo, alilihukumu bara zima: mwaka 1951 alidai kwamba Mwafrika hufanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, wapiganaji dhidi ya ukoloni, na madai yao ya ardhi na uhuru yakageuzwa kuwa kasoro ya nafsi. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, aliyapinga mawazo hayo katika kitabu chake cha 1961.

Wakati huohuo tiba ilikuwa inabadilika. Dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, ilituliza maono na sauti za ajabu zinazomwandama mgonjwa. Kuanzia hapo, wengi ambao wangezeekea wodini waliweza kurudi kwao na kuendelea na dawa.

Sheria ya afya ya akili ilijikokota nyuma ya dawa. Ile ya mwaka 1989 ilimruhusu mgonjwa kujipeleka hospitalini kwa hiari na kuzikataza kampuni za bima kumbagua. Marekebisho ya mwaka 2022 yakampa haki ya kushirikishwa katika maamuzi ya matibabu yake, na kuzibebesha kaunti wajibu wa kutoa huduma. Hata hivyo, aliyejaribu kujiua na kunusurika aliendelea kukabiliwa na kifungo cha hadi miaka 2, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kinachotoa adhabu hiyo kinakiuka Katiba.

Kwenye karatasi, basi, mgonjwa ametoka kuwa mtu wa kufungiwa na kuwa raia mwenye haki. Kilichobaki ni fedha. Mwaka 2020 jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa, lakini fungu la afya ya akili katika bajeti ya afya bado halifiki hata asilimia 1. Msomaji, kaunti yako itakapoita wananchi kujadili bajeti, nenda ukaulize: wodi ya akili iko wapi, na dawa zake zimetengewa shilingi ngapi?