Dokta Remmy na Zile Soksi

Katika miaka yote niliyofundisha historia sikupata kuona kitabu cha shule kilichotaja wimbo wa dansi kuwa ni ushahidi wa jambo lolote. Tulifundisha Azimio la Arusha la mwaka 1967, tukafundisha kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, na mwanafunzi aliyejibu vizuri alipata alama zake. Lakini yule mtu wa kawaida aliyesimama katika foleni ya sukari tangu alfajiri alikuwa akisema nini moyoni? Hilo halikuwamo kitabuni. Lilikuwamo katika nyimbo, na aghalabu katika nyimbo za kuchekesha.

Mwaka huu nimezisikiliza upya nyimbo za Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, zile zilizovuma kuliko zote. Mjukuu wangu alinikusanyia katika flashi moja ndogo kama ukucha, nami nikazipitia moja moja kwa utaratibu wa mtu anayesahihisha madaftari. Nyingine nimezipa alama kubwa kuliko nilivyozipa zamani, nyingine nimezipunguzia. Hapa nitaeleza kwa nini.

Kwanza mtu mwenyewe. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, katika Maniema, mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya watu tangu zamani. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake. Makassy walipohamia Nairobi, yeye alibaki, akaingia Matimila, bendi iliyobeba jina la kijiji kimoja cha kusini. Watu walimwita Dokta. Nywele zake zilikuwa ndefu zilizosokotana, sauti yake nzito yenye mikwaruzo, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kongo ambayo hakujaribu kuificha. Mtindo wa muziki wake aliupa jina la ubongo. Wapo waliodhani ni majigambo tu. Mimi naona alitaka watu wacheze huku wakifikiri, na mji wa Dar es Salaam wenyewe, ambao kila mtu anauita Bongo, hauishi bila kufikiri.

Ili kijana wa leo aelewe uzito wa nyimbo hizo, hapana budi ajue kwamba redio ilikuwa moja. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi bendi katika studio zake, na ndiyo iliyoamua lipi lisikike na lipi lisisikike. Bendi iliyotaka santuri ilipaswa kwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 usifunguliwe hadi 1983. Tena bendi nyingi zilikuwa mali ya umma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, na polisi na jeshi walikuwa na za kwao. Sizidharau hata kidogo. Zilipiga muziki mtamu, na nyimbo zao za kuisifu nchi nyingi zilitoka moyoni, kwani hata sisi walimu tulikuwa tukiziamini sifa hizo. Ila mtu anayelipwa mshahara na chama haulizi maswali ya chama mbele ya kipaza sauti. Matimila ilikuwa bendi ya mtu binafsi, kwa hiyo Remmy alikuwa na nafasi kidogo ya kuuliza. Nasema kidogo, maana mlango wa redio ulibaki ule ule mmoja.

Sisi wa Sekenke tulikuwa na mlango wa pili. Dhahabu ya hapa ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na ndiyo waliyoifulia sarafu zao kule Tabora mwaka 1916 walipozidiwa na vita. Mgodi mkubwa ulifungwa kabla ya Uhuru, wakabaki wachimbaji wadogo na mashimo yao. Pakabaki pia mlima. Kila lori lililotoka pwani kwenda Mwanza ilibidi lishuke Sekenke kwa gia ndogo kuelekea mbuga za Wembere, na lililorudi likapanda likinguruma. Dereva anayetoka kushuka au kupanda mlima ule hana haraka. Anataka chai, anataka kupoza injini, na pengine anataka mambo mengine. Madereva hao ndio waliotuletea kaseti. Redio ya betri tuliisikiliza jioni kwa kubana matumizi, betri zikichoka tunazianika juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Kaseti, kwa upande wake, haikuwa na mhariri.

Katika flashi ya mjukuu nimekuta "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge" zikifuatana, na hapa ndipo nilipoongeza alama. Zamani nilizisikia kama malalamiko. Sasa nasikia ujanja. Msomaji akumbuke kwamba neno mnyonge halikuwa neno la Remmy. Lilikuwa neno la dola. Azimio la Arusha lilijengwa juu ya wazo kwamba tulionewa kwa sababu ya unyonge wetu, na kwamba wakati wa kuuondoa umefika. Nimeifundisha sehemu hiyo mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuiandika ubaoni gizani. Sasa imepita miaka ishirini. Sabuni haionekani, mwaka 1983 wametafutwa wahujumu uchumi nchi nzima, mwaka 1986 tumekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa masharti ambayo tuliapa kuyakataa. Ndipo anatokea mtu wa kutoka Kindu, analiokota neno lile lile la mkutanoni, analitia gitaa, na kusema kwamba huyu mnyonge mliyemwahidi bado yupo, tena hana haki. Utamkamata kwa kosa gani? Neno ni lako. Na wala halii. Mnyonge wa Remmy anajitangaza kwa sauti kubwa, kama mtu anayejisifia cheo.

Lakini wimbo uliotugusa hapa kijijini kuliko zote ni "Mambo kwa Soksi".

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kule waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiingia kwa magendo. Vijana wa mjini wakazigeuza herufi za AIDS kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi," utani wa kutisha kabisa ukiufikiria. Ugonjwa ulifuata barabara, na barabara yetu nimekwisha ieleza. Ilipofika miaka ya tisini, watoto waliolelewa na bibi zao walikuwa safu nzima katika kila darasa la shule yangu. Nilizika walimu wawili chini ya miaka mitatu. Katika mazishi yote hayo ugonjwa haukutajwa. Tuliambiwa marehemu aliugua kwa muda mrefu, tukainamisha vichwa, tukarudi nyumbani.

Serikali ilikuwa na vipeperushi. Vilifika shuleni kwa furushi, vimeandikwa Kiswahili cha ofisini ambacho mwalimu mwenyewe alikuwa akikisoma kwa haya. Neno kondomu lilikuwa gumu kinywani. Hukuweza kulitamka mbele ya mkweo, hukuweza kulitamka dukani palipo na wanawake, na viongozi wa dini zote mbili walikuwa wakali juu yake. Remmy, karibu na mwaka 1990, akaliita soksi. Basi. Akaimba kwamba mambo yote ni kwa soksi. Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo, na katazo lile likawa tangazo lake kubwa. Kumbi zilijaa, kaseti zikanakiliwa juu ya kaseti hadi sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na bado maneno yalisikika.

Hapa kwetu watoto waliuimba wakienda kuchota maji. Katika kikao cha wazazi, mzee mmoja wa kamati ya shule, mtu wa heshima zake, alisimama akasema wimbo huo unawafundisha watoto uhuni na kwamba mwalimu mkuu autungie adhabu. Alisema kwa uchungu wa kweli, wala sikumcheka. Alikuwa amekwisha kuzika mwanawe wa kiume. Kabla sijajibu, alisimama mama mmoja aliyekuwa mhudumu wa zahanati. Alisema, "Shikamoo baba. Naomba radhi mbele ya wakwe waliopo hapa. Boksi nililoletewa lilikaa mwaka mzima halijafunguliwa. Tangu wimbo huu uje na madereva, vijana wananijia mlangoni, wananiambia, mama, nimekuja kuchukua soksi, miguu inapata baridi. Nimeagiza boksi la pili." Watu walicheka, kisha wakanyamaza ghafla, kama watu waliokumbuka jambo. Yule mzee aliketi. Niliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba suala la nyimbo litajadiliwa siku nyingine. Halikujadiliwa.

Nimewahi kuhudhuria semina nyingi za afya, na sijapata kuona mbinu iliyofanya kazi kwa neno moja namna ile. Halikuwa fumbo kubwa. Kila mtu alijua soksi ni nini. Ila mtu alipata kitu cha kusema, na aliyesikia alipata kicheko cha kujifichia. Wapo watu wanaotembea leo katika kijiji hiki, tena wana wajukuu, ambao nadhani wanatembea kwa sababu ya soksi hizo. Siwezi kuthibitisha, na wala sitawauliza.

Wimbo wa "Kifo" sitausema sana. Remmy anakisemesha kifo kana kwamba ni jirani mkorofi. Zamani niliucheza, safari hii niliuzima katikati, nikaumalizia siku ya pili.

Alama nilizopunguza ni za nyimbo za ng'ambo. Mwaka 1988 Super Matimila walialikwa katika ziara za WOMAD, tamasha lililoanzishwa mwaka 1982 na Peter Gabriel na wenzake. Huyo Gabriel ni Mwingereza aliyekwisha kuimba wimbo juu ya Steve Biko, kwa hiyo alikuwa na sikio la nyimbo za siasa. Katika kampuni yake ya Real World zikatoka santuri mbili, moja mwaka 1989 iliyopewa jina la nyimbo za mtu maskini, na nyingine mwaka 1992, iitwayo Mambo. Magitaa yamerekodiwa kwa usafi ambao studio zetu hazikuweza, na nafurahi dunia ilimsikia. Lakini pale anapoimba kwa Kiingereza mzaha unanyauka. Anabaki kusema fedha ni muhimu na dunia ni moja, mambo ambayo hata kasisi angeyasema. Ule upanga ulikuwa katika Kiswahili, katika neno ambalo msikilizaji analijua kwa maana mbili. Na hata katika santuri hiyo ya pili umo wimbo uitwao "Mrema," jina la Augustine Mrema aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo. Sidhani kama Mwingereza aliyeinunua alijua kwamba bendi ya dansi kuubatiza wimbo jina la waziri aliye madarakani kulimfanya Mtanzania ainue kichwa.

Mwaka 1994 redio za watu binafsi zilianza, na baada yao televisheni. Mlango ukawa milango mingi. Vijana wa Bongo Fleva walikuja wakasema wazi yale Remmy aliyoyasema kwa kuzunguka, na kondomu ikatangazwa kwa mabango barabarani, moja lilisimikwa si mbali na hapa, likapauka kwa jua. Remmy mwenyewe, baada ya kuugua, aliokoka akaacha dansi na kuimba nyimbo za injili. Wapenzi wake wa zamani wengine walinung'unika. Mimi sikuona ajabu. Mtu aliyekisemesha kifo kwa miaka yote hiyo alikuwa na haki ya kubadili mazungumzo. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010.

Nyumbani kwake kulikuwa Sinza, na kituo cha daladala kilicho karibu kinaitwa Kwa Remmy. Nilipokwenda mjini kwa matibabu nilipanda gari la kupita huko. Kondakta, kijana ambaye alipozaliwa bendi ile ilikuwa imekwisha nyamaza, alitoa kichwa dirishani akaita, "Kwa Remmy wapo?" Wanawake wawili wakajibu wapo, wakashuka na vikapu vyao.