Dainamo Ilikufa Ukisimama
Baiskeli za zamani huku Malindi na Kilifi zilitumia dainamo: kidude kama chupa kinachozungushwa na tairi, kwa kawaida volti 6, wati 3. Ukikanyaga, unaona, ukisimama, giza totoro. Mchangani, unapojikokota, ndipo taa ilipofifia.

Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani alionyesha LED angavu ya buluu, nayo ikafungua njia ya taa nyeupe. Ndiyo maana leo tunapata taa za kuchaji kwa bei nafuu.

Sasa ukitaka kupita njia za Arabuko-Sokoke jioni, usibabaishwe na lumeni za kwenye boksi. Uliza chaji inakaa saa ngapi. Mimi hununua kwanza nyekundu ya nyuma, manake barabarani dereva wa lori lazima akuone.